Nani Kashika Daftari?

Hati ya mashtaka iliyosomwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu mwishoni mwa 2016 ilitaja Mikocheni, wilaya ya Kinondoni, kuwa ndipo kosa lilipotendeka. Hapakuwa na kilichoibwa wala mtu aliyepigwa. Maxence Melo, mkurugenzi wa Jamii Media, kampuni iliyokuwa ikiendesha jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alishtakiwa pamoja na mwenzake kwa kuzuia upelelezi wa polisi. Walikuwa wamekataa kutoa taarifa za wanachama walioandika tuhuma dhidi ya makampuni kwa majina ya kubuni.

Polisi walisimamia kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambacho kinampa mkuu wa kituo mamlaka ya kudai taarifa za mtumiaji bila kupitia kwa hakimu kwanza. Jamii Media walikipinga kifungu hicho Mahakama Kuu, na 2017 mahakama ikaamua kibaki. Aprili 2020, baada ya miaka ya kupanda na kushuka ngazi za Kisutu, Melo alitiwa hatiani katika mojawapo ya kesi zake: faini ya shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja. Mwenzake aliachiwa. Miezi michache kabla ya hukumu hiyo Melo alikuwa amepokea tuzo ya kimataifa ya uhuru wa habari ya 2019 kutoka Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari yenye makao yake New York.

Kisa hiki husimuliwa kama cha uhuru wa habari, na ni kweli ni hicho. Lakini kina jambo jingine linalomgusa hata muuza genge ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja mtandaoni. Wanachama wale walijihadhari kwa kadiri ya uwezo wao. Walitumia majina ya bandia na hawakuweka picha zao. Hata hivyo, polisi walipobisha hodi, kilichowasitiri ni mtu aliyekuwa ameshika orodha yao na akakubali kusimama kizimbani kuliko kuitoa. Wangeangukia mikononi mwa mwenye orodha mwingine, tahadhari zao zote zingekuwa bure.

Ushauri mwingi kuhusu usalama wa mtandaoni unaotolewa redioni na kwenye semina humwelekea mwenye simu peke yake: weka neno la siri gumu, usibonyeze viungo usivyovijua, usimpe mtu namba ya siri. Ushauri huo hauna kosa, ila unaishia nusu ya njia. Taarifa nyingi za mkazi wa Dar es Salaam haziko kwenye simu yake. Ziko kwa watu na ofisi alizozipa, mara nyingi bila kujua anatoa nini, na usalama wake unategemea tabia za hao kuliko umakini wake yeye.

Anayetaka kuliona hilo kwa macho apite mitaa ya Mikocheni siku ya kazi. Kuta ni ndefu, juu yake zimepita nyaya za umeme, na getini kuna bango la mbwa mkali. Chini ya bango hilo, juu ya kimeza au pajani kwa mlinzi, kuna kauntabuku iliyopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, namba ya simu, unatoka wapi, unakwenda kumwona nani, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Mgeni wa saa tano asubuhi anaweza kuwasoma wageni wote waliomtangulia tangu saa moja. Binti aliyekuja kwenye usaili wa kazi ameandika jina lake kamili na namba yake ya simu. Yeyote aliyepanga foleni nyuma yake anaweza kuupiga picha ukurasa mzima huku akijifanya anasoma ujumbe, na jioni akaanza kumsumbua kwa salamu. Kauntabuku ikijaa inaanzishwa nyingine. Ile ya zamani inaweza kuishia kabatini, jalalani, au kwa muuza karanga wa kufungia vikaratasi. Mwenye ofisi ametumia mamilioni kujenga ukuta, na orodha ya kila aliyeuvuka inakaa wazi nje.

Kwa wakala wa fedha mambo ni hayo hayo, isipokuwa hapo kinaongezeka kiasi cha pesa. Anayekwenda kutoa fedha hukuta daftari limefunuliwa, na macho yakishuka tu yanakutana na jina la aliyetangulia, namba yake na kiasi alichotoa. Sheria ya nchi inahesabu miamala ya fedha ya mtu kuwa taarifa nyeti, katika kundi moja na taarifa za kijenetiki, za kibayometria na zinazohusu watoto. Chini ya mwavuli wa kona ya mtaa hakuna anayelijua hilo, na si haki kumlaumu wakala, ambaye aliambiwa aandike na hakuambiwa afunike.

Stesheneri ni mahali pengine pa kuangalia. Mtu anataka kutoa nakala ya cheti cha kuzaliwa, barua ya ajira au pasipoti. Mhudumu, mwenye haraka na foleni mlangoni, humwambia, "Nitumie WhatsApp kwa hii namba." Faili linaingia kwenye simu ya duka, linafunguliwa kwenye kompyuta ya duka, linachapwa, mteja analipa shilingi mia chache na kuondoka akiwa ameridhika. Pale ndani kumebaki nakala mbili: moja kwenye simu, nyingine kwenye folda ya vilivyopakuliwa, ikiwa imejichanganya na vyeti, mikataba ya pango na vipimo vya hospitali vya mtaa mzima. Kompyuta hiyo hutumiwa na kila mtu. Mwingine hufungua hapo hapo WhatsApp yake ili achape mwenyewe, akamaliza, akaondoka bila kuifunga. Mazungumzo yake yanaendelea kuingia kwenye kioo cha duka, na anayekaa kwenye kiti anayasoma.

Fundi simu naye anaomba namba ya kufungulia simu "ili nipime kioo". Ombi hilo huwa na sababu ya kweli, na mafundi wengi ni watu waaminifu wanaotafuta riziki. Lakini simu iliyoachwa kwa fundi mchana mzima ikiwa imefunguliwa ni maisha yote ya mtu yaliyoachwa mezani: picha, miamala, ujumbe wa mganga na wa mchumba.

Kuna pia njia iliyo halali kabisa ya kulijua jina la mtu. Ukitaka kutuma pesa kwa simu, unaingiza namba na jina la mpokeaji linatokea kabla hujathibitisha. Utaratibu huo umeokoa fedha nyingi zisiende kwa asiyehusika, na hakuna mwenye akili anayetaka uondolewe. Ila maana yake ni kwamba kila mwenye namba yako anaweza kulipata jina ulilosajilia laini, na hilo hutosha kumpa tapeli mwanzo wa sauti ya kuaminika: "Habari, naongea na fulani bin fulani?" Nchini Kenya, kampuni ya simu ya Safaricom imeanza kuficha baadhi ya tarakimu za namba ya mteja anapolipa kwa Lipa na M-Pesa. Ni hatua ndogo, lakini inaonyesha kwamba mfumo unaweza kufanya kazi yake bila kumwanika mtu kuliko inavyohitajika.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa taarifa kuponyoka ni mikopo ya mtandaoni, ile ambayo mtaani imeunganishwa na jina la kausha damu. Mtu ana shida ya ada au ya kodi ya nyumba. Anaona tangazo, anapakua programu, inamwomba ruhusa: kusoma majina yaliyo kwenye simu, picha, wakati mwingine na ujumbe. Mwenye shida hasomi, anabonyeza kubali. Dakika chache baadaye pesa imeingia, pungufu ya kiasi alichoomba kwa sababu makato yamekatwa juu kwa juu, na muda wa kulipa ni siku chache. Akichelewa, simu zinaanza, na hazimpigii yeye peke yake. Shemeji, bosi, mwalimu wa mtoto, mchungaji na fundi bomba aliyekuja mara moja miaka miwili iliyopita wote wanapokea ujumbe unaomtaja kwa jina, unamwita tapeli, mara nyingine ukiwa na picha yake. Wengine huambiwa kwamba wao ndio wadhamini.

Fundi bomba yule hakukopa. Hakupakua chochote wala kukubali masharti yoyote. Huenda neno lake la siri ni gumu kuliko la benki. Namba yake imefika kwa mkopeshaji kwa sababu ilikuwa kwenye simu ya mtu mwingine aliyebanwa na kodi ya nyumba, na hakuna tahadhari yoyote ambayo angeichukua ikamwepusha.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa mtandao bila leseni. Miezi mitatu kabla yake ilikuwa imetoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali unaogusa uwazi wa gharama, namna ya kudai madeni na usiri wa mteja. Google nayo, tangu 31 Mei 2023, imezikataza programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lake kusoma orodha ya majina na picha za mtumiaji. Hatua hizo zimebana, lakini hazijaziba. Programu inayokatazwa dukani inaweza kusambazwa kwa kiungo cha WhatsApp na kupakuliwa moja kwa moja, na ikifungiwa kwa jina moja huzaliwa upya kwa jina jingine. Kila anayeelekezwa kupakua programu ya mkopo nje ya duka rasmi ajiulize kwanza kwa nini haimo dukani.

Kenya walianza kutoza faini mapema. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa ikiendesha KeCredit na Faircash, shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Siku hiyo hiyo Shule ya Roma ya Uthiru ilitozwa 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kiasi hicho kilizidi cha mkopeshaji, na huenda ndipo wenye shule wengi waliposhtuka.

Suala la picha linastahili kutazamwa na Dar es Salaam yenyewe. Shule binafsi za Kinondoni hushindania wanafunzi, na tangazo rahisi ni mtoto mwenye sare, jina la shule kifuani, akikata keki au akipokea cheti. Wazazi nao huongeza yao kwenye status: siku ya kwanza ya shule, jina la mtoto, jina la darasa, basi analopanda, nyumba kwa nyuma. Kila kipande peke yake hakina neno. Mtu mwenye nia mbaya akivikusanya anajua mtoto anaitwa nani, anasoma wapi, anashuka wapi na mama yake anaitwaje, na anaweza kumwendea kama mjomba aliyetumwa. Mzazi ana uhuru wa kujivunia mwanawe, lakini ingekuwa busara picha ile ingoje mtoto aondoke mahali pale kwanza, na nembo ya shule ikatwe.

Kwa watu wazima, hasa wanawake, picha hugeuka silaha. Mtaani video ya faragha iliyovuja inaitwa konekisheni, na jinsi neno hilo linavyotamkwa kwa kicheko inaeleza kila kitu kuhusu nani anaadhibiwa. Aliyerekodi haulizwi. Aliyesambaza kwenye magrupu manane anajiona mjanja wa habari, ingawa Sheria ya Makosa ya Mtandao inamhesabu naye kuwa mkosaji. Anayefukuzwa kazi, kuvunjiwa uchumba na kuhama mtaa ni aliyeonekana kwenye video. Watu huuliza kwa nini alikubali kurekodiwa, lakini ni wachache wanaouliza video imewafikiaje wao na kwa nini hawakuifuta.

Serikali pia ni mtunza daftari, tena mkubwa kuliko wote. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulifikia mwisho 20 Januari 2020, baada ya muda wa awali wa 31 Desemba 2019 kusogezwa na foleni za mamlaka ya vitambulisho, NIDA, kujaa viwanja. Lengo lilikuwa kuwabana matapeli wa ule ujumbe ambao kila Mtanzania anaujua, wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Usajili huo haukuwakomesha. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zimeendelea kuhesabu majaribio ya utapeli wa simu, huku Rukwa na Morogoro zikitajwa mara kwa mara kuwa juu. Namba za utapeli zinazosajiliwa zina wenyewe kwenye karatasi, na baadhi yao ni watu wasiojua. Wakala wa barabarani anasema alama haijasoma, weka kidole tena, na mara ya pili anasajili laini nyingine kwa jina la huyo huyo. Kupiga *106# kunaonyesha namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Inachukua nusu dakika, na pengine ni hatua yenye faida kuliko zote zilizotajwa hapa. Ujumbe wa kitapeli unaweza kutumwa 15040.

Daftari la kampuni ya simu lina kitu ambacho wengi hawakifikirii: mahali. Simu ikiwa imewashwa, hata bila bando, hujitambulisha kwenye mnara ulio karibu. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti madai yaliyotolewa kwenye baraza la ajira la London na mchunguzi wa zamani wa Millicom, iliyokuwa mmiliki wa kampuni ya simu ya Tigo. Alidai kwamba mwaka 2017 taarifa za simu ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, zikiwemo za mahali alipokuwa, zilipewa mamlaka za serikali katika wiki za kabla ya kupigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba. Millicom iliuza biashara yake ya Tanzania 2022, na Tigo sasa inaitwa Yas. Kwa raia wa kawaida lililo muhimu katika habari hiyo ni la kiufundi zaidi kuliko la kisiasa: rekodi za nyendo zipo, za kila mteja, na ndani ya kampuni kuna wafanyakazi wanaoweza kuziona.

Wengi hudhani dawa ya hayo yote ni VPN, programu ya kuficha mawasiliano ya mtandaoni. Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaozitumia kwa shughuli zao wajiorodheshe ifikapo tarehe 30 mwezi huo, agizo lililozua mjadala mkubwa. Mtandao wa X ulipofungwa nchini Mei 2025, vijana wengi hawakuweza kuufungua bila VPN. Kuna hatari ya kisheria hapo, na kila mtu aipime mwenyewe. Lakini hata ikiwekwa pembeni, VPN ya bure haimfichi mtu kama anavyodhani. Inachofanya ni kuyahamisha mawasiliano yake kutoka macho ya kampuni ya simu yenye ofisi na leseni hapa nchini, kwenda macho ya kampuni asiyoijua, katika nchi asiyoijua, ambayo lazima ipate pesa mahali fulani. Wala VPN haifuti jina lililoandikwa getini.

WhatsApp nayo inafaa kuelezwa bila chumvi. Tangu 2016 ujumbe husafiri ukiwa umefungwa kiasi kwamba kampuni yenyewe haiusomi. Lakini nakala inayohifadhiwa Google au iCloud haikuwa imefungwa hivyo, na uwezo wa kuifunga ulikuja 2021, tena ni hiari, mwenyewe aende kwenye mipangilio auwashe. Wizi wa akaunti unaofanyika mijini hauhitaji utaalamu wowote. Mtu anapigiwa simu na anayejifanya afisa au mwanagrupu, anaombwa namba ya tarakimu sita iliyoingia kwa bahati mbaya, anaitoa, na ndani ya dakika chache rafiki zake wanaombwa mkopo wa dharura kwa jina lake. Uthibitishaji wa hatua mbili unazuia hilo, na uko kwenye sehemu ya akaunti ndani ya mipangilio. Sehemu ya vifaa vilivyounganishwa iko karibu na hapo, nayo itaonyesha kama ile kompyuta ya stesheneri bado inasoma.

Sheria imechelewa, lakini imefika. Katiba ya 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake, familia yake na mawasiliano yake, na kwa miongo kadhaa hapakuwa na sheria ya kuitekeleza kwenye taarifa. Kenya na Uganda zilitunga zao 2019 na Rwanda 2021. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Novemba 2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Tume inayoisimamia 3 Aprili 2024 akitaka taasisi zote ziwe zimesajiliwa ifikapo Desemba. Muda ulipofika ukasogezwa hadi 30 Aprili 2025, jambo ambalo halikumshangaza yeyote anayezijua ofisi zetu.

Kwenye karatasi sheria hiyo ni kali. Anayetoa taarifa za mtu kinyume cha sheria anaweza kutozwa kati ya shilingi 100,000 na milioni 20 au kufungwa hadi miaka 10, na kampuni inaweza kutozwa hadi bilioni 5. Mhusika ana haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje, kuzisahihisha, kukataa matangazo ya biashara na kudai fidia. Pia haijali kama taarifa zimo kwenye kompyuta au kwenye karatasi, hivyo kauntabuku ya getini imo ndani yake. Mahakama imeshaipitia: Mei 2024, katika shauri lililofunguliwa na wakili Tito Magoti, Mahakama Kuu iliona baadhi ya maneno ya vifungu vya 22 na 23 hayaeleweki vya kutosha, na ikaipa serikali mwaka mmoja kuyarekebisha.

Udhaifu wake mkubwa ni mahali ilipoelekeza macho. Usajili unahesabu taasisi, na ni rahisi kwa benki yenye idara ya sheria kujisajili na kutundika cheti ukutani. Stesheneri, wakala, mlinzi, fundi, mwenye nyumba anayedai nakala ya kitambulisho na msimamizi wa grupu la wazazi hawamo kwenye picha hiyo, na huko ndiko taarifa zinakotoka kila siku. Tume ikitaka matokeo ya haraka yasiyo na gharama, ianze na daftari. Makampuni ya simu yawape mawakala daftari lenye karatasi ya kufunika mistari iliyopita. Makampuni ya ulinzi yaache kuuliza namba ya simu ya mgeni ambaye mwenyeji wake anamjua, na ofisi ziwe na siku inayojulikana ya kuchoma madaftari ya zamani. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mtambo.

Kuna pingamizi moja linalosikika kila mahali kuhusu haya: asiye na la kuficha ana hofu ya nini? Linasikika barazani na linasikika ofisini, na lina mizizi katika maisha ya mtaa ambako jirani alijua umepika nini. Lakini jirani yule naye ulijua kapika nini. Mkopeshaji wa mtandaoni anakujua wewe na majina mia tano ya watu wako, na wewe hujui hata ofisi yake iko mtaa gani. Binti wa usaili hakuwa na la kuficha aliposaini getini.

Basi kuna la kufanya wakati taasisi zinajivuta. Nakala ya kitambulisho iandikwe juu yake kwa kalamu, kukatiza picha: kwa ajili ya pango tu, na tarehe, ili isitumike kwingine. Stesheneri, mteja asisitize faili lifutwe mbele yake, au aje na flashi. Kabla ya kumwachia fundi simu, mwenye simu aondoe laini na kadi ya kumbukumbu, na akirudishiwa abadilishe namba ya kufungulia. Programu ya tochi isiyo na sababu ya kujua majina ya watu inyimwe ruhusa hiyo. Kabla ya kugawa namba ya mtu kwa mtu mwingine, aulizwe mwenyewe kwanza; kwa wakazi wengi wa mji huu hilo litakuwa geni kuliko neno la siri lolote.

Na pale taarifa zinapokuwa zimeshatoka, malalamiko yapelekwe Tume badala ya kuishia kwenye grupu la familia. Faini za Kenya za Septemba 2023 zilikuwa tatu. Ya tatu, shilingi za Kenya 1,850,000, ilitozwa baa ya Nairobi iitwayo Casa Vera Lounge kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Hakukuwa na fedha zilizoibwa wala mfumo uliodukuliwa, ni picha ya mteja mmoja tu.